Mtoto wa Dresden: Matthias Sammer na Fungu la Mashariki katika Soka la Ujerumani

Kila inapoandikwa habari ya Kombe la Dunia ambalo Ujerumani ililitwaa Rio de Janeiro mwezi Julai 2014, masimulizi hufuata njia moja. Timu iliaibika kwenye Euro 2000, viongozi wakazinduka, vituo vya vijana vikajengwa. Jürgen Klinsmann akaja mwaka 2004 na fikra mpya alizozipata Marekani, Joachim Löw akazirithi na kuzikomaza, kombe likaja. Matthias Sammer hupewa humo sentensi moja au mbili, na mara nyingi ni za kumlaumu: mtu wa shari, mwenye uso uliokunjamana, aliyepachikwa na wazee wa chama ili kumzibia Klinsmann njia. Ama Ujerumani Mashariki, nchi iliyomlea na kumfundisha mpira hadi akatimiza miaka 22, haitajwi kabisa. Hoja yangu ni kwamba masimulizi hayo yamekosa nguzo. Maisha ya kazi ya Sammer, tangu akiwa kiungo wa Dynamo Dresden hadi alipokuwa mkurugenzi wa ufundi wa Chama cha Soka cha Ujerumani, DFB, ndiyo njia kuu ambayo elimu ya soka ya Mashariki iliipita kuingia katika soka la Ujerumani iliyoungana, na sehemu ya matunda yake ilionekana Rio.

Kuna karatasi moja ambayo waandishi wameipita haraka mno. Ni orodha ya wachezaji wa mchezo wa tarehe 12 Septemba 1990 mjini Brussels, Ubelgiji dhidi ya Ujerumani Mashariki. Ulikuwa mchezo wa 293 wa nchi hiyo na wa mwisho. Tarehe 3 Oktoba dola yenyewe ilifutika. Awali ulikuwa umepangwa kuwa wa kufuzu Euro 1992, lakini Wajerumani wa pande zote mbili walikuwa wameangukia kundi moja na muungano ulikuwa mlangoni, hivyo ukageuzwa kuwa wa kirafiki. Kocha Eduard Geyer aliita kikosi, zaidi ya ishirini wakatoa udhuru, huyu goti, yule klabu mpya. Waliofika ni 14. Sammer, aliyekuwa ameshahamia Stuttgart, ndiye aliyekuwa jina kubwa kuliko wote, na inasimuliwa kwamba alipoona ni akina nani waliokuja alitaka kurudi nyumbani usiku uleule, ila ndege hakuna. Akavaa kitambaa cha unahodha, akafunga mabao yote mawili katika dakika ishirini za mwisho, Ujerumani Mashariki ikashinda 2-0. Mchezo ukielekea kwisha Geyer alimwingiza kipa wa akiba, Jens Adler, ambaye hivyo akawa mchezaji wa mwisho kabisa kuichezea nchi ile.

Mchezo huo husimuliwa kama mazishi, kisha msimuliaji hufunga daftari. Orodha yenyewe inasema jambo jingine kwa anayefuata majina hadi mwisho wake. Dariusz Wosz, kiungo mdogo wa umbo aliyecheza siku hiyo, alikuja kuichezea Ujerumani iliyoungana mara 17. Uwe Rösler alikwenda kufunga mabao Manchester City, halafu akawa kocha katika nchi kadhaa. Stefan Böger aliishia kufundisha timu za vijana za DFB. Na nahodha wao alikuja kuwa mkuu wa makocha wa vijana wa taifa zima. Katika kikosi cha watu 14 waliokusanywa kwa shida, kilichokosa akina Ulf Kirsten, Andreas Thom na Thomas Doll, idadi ya waliokuja kuwa walimu wa mpira ni kubwa kuliko inavyoweza kuelezwa kwa bahati. Walitoka katika nchi ambayo kufundisha mpira kulihesabiwa kuwa fani ya kusomewa, yenye chuo na mitihani.

Chuo hicho ni Deutsche Hochschule für Körperkultur cha Leipzig, kilichoanzishwa mwaka 1950, ambamo makocha wa michezo yote walisoma tiba ya michezo, saikolojia, ufundishaji na upangaji wa mazoezi ya mwaka mzima. Wageni kutoka Afrika na Asia walipelekwa huko pia. Msomaji wa Unguja anayeijua Ujerumani ile kwa majumba ya Michenzani iliyosaidia kuyajenga hatashangaa kwamba urafiki wa saruji ulikuwa na ndugu yake wa viwanjani. Chini ya chuo zilikuwepo shule za michezo za watoto na vijana, KJS. Tangu mwaka 1973 watoto walichujwa kwa utaratibu mmoja nchi nzima, wakaanza kwenye vituo vya mazoezi vya mitaani, na waliofaulu wakaingia KJS iliyoshikamana na klabu kubwa ya mkoa. Ratiba ya masomo ilipangwa kufuata ratiba ya mazoezi. Mtoto wa miaka 13 alikuwa na kocha wa kuajiriwa, aliyefanya kazi hiyo na hiyo tu. Upande wa Magharibi miaka hiyohiyo vijana wengi wa klabu walifundishwa na wazee wa kujitolea jioni baada ya kazi, na kipaji kiliachwa kijitokeze chenyewe.

Sammer alizaliwa Dresden tarehe 5 Septemba 1967 ndani ya mfumo huo, tena mara mbili, maana baba yake Klaus Sammer alikuwa beki wa Dynamo Dresden na timu ya taifa, kisha kocha wa Dynamo kuanzia 1983. Mtoto aliingia kikosi cha wakubwa mwaka 1985 chini ya baba. Machi 1986 Dresden, wakiwa wanaongoza kwa jumla ya mabao 5-1 dhidi ya Bayer Uerdingen katika robo fainali ya Kombe la Washindi, walifungwa mabao sita katika kipindi cha pili cha mchezo wa marudiano wakapoteza 7-3, na baba akapoteza kazi msimu ulipokwisha. Kijana akabaki. Mwaka huohuo wa 1986 alikuwa katika timu ya Ujerumani Mashariki iliyotwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 18, na mwaka 1987 timu ya rika hilo ilishika nafasi ya tatu kwenye fainali za dunia za vijana nchini Chile. Dynamo ikatwaa ubingwa wa nchi mwaka 1989 na 1990. Hadi nchi inakufa alikuwa ameichezea mara 23.

Hapa kuna jambo ambalo limeelezwa vibaya kwa miaka mingi, nalo ni namna kiungo huyu alivyogeuka kuwa libero, yaani beki huru anayesimama nyuma ya wenzake na kupanda na mpira nafasi inapotokea. Alianza akiwa mshambuliaji, akawa kiungo wa kushoto, akahamia katikati, na Borussia Dortmund kocha Ottmar Hitzfeld akamrudisha nyuma. Kwa kuwa Magharibi inamjua libero mmoja, Franz Beckenbauer, imekuwa desturi kusema Sammer alimrithi Beckenbauer. Urithi huo una mzee mwingine wa karibu zaidi. Dresden alikuwepo Hans-Jürgen Dörner, libero wa Dynamo kwa muda mrefu, bingwa wa Olimpiki mwaka 1976 Montreal, mchezaji bora wa mwaka wa Ujerumani Mashariki mara tatu. Msimu wa kwanza wa Sammer katika kikosi cha wakubwa ulikuwa wa mwisho wa Dörner. Kijana aliyekulia uwanjani hapo, mtoto wa kocha, alimtazama Dörner akibeba mpira kutoka langoni mwake hadi nusu ya wapinzani kabla Hitzfeld hajamfikiria kwa kazi hiyo. Dörner hakuwahi kucheza fainali za Kombe la Dunia, na kwa hiyo mwanafunzi wake akapewa mwalimu wa kupachikwa. Sidai kwamba Beckenbauer hakuwa mfano kwa kila Mjerumani. Nadai kwamba ukoo wa soka la Sammer unaweza kuandikwa bila kuvuka mpaka.

Mambo ya miaka ya tisini yanajulikana, nitayapita. Novemba 1989, siku sita baada ya ukuta wa Berlin kufunguka, Ujerumani Mashariki ilifungwa 3-0 na Austria mjini Vienna na kukosa Kombe la Dunia. Sammer alipotolewa uwanjani alikuta kwenye benchi mtu aliyeingia kwa kitambulisho cha mpiga picha, ambaye kumbe ametumwa na Bayer Leverkusen kuchukua anwani za wachezaji. Ndivyo soko lilivyofunguliwa. Alikwenda Stuttgart akatwaa ubingwa wa 1992, japo siku ya mwisho kule Leverkusen alitolewa kwa kadi nyekundu kwa kumbishia mwamuzi na kuwaacha wenzake kumi wamalizie kazi. Tarehe 19 Desemba 1990 alikuwa mchezaji wa kwanza wa Mashariki kuanza katika timu ya taifa iliyoungana. Akapita Inter Milan nusu msimu, akarudi Ujerumani kuichezea Dortmund, mabingwa 1995 na 1996, mabingwa wa Ulaya 1997. Euro 1996 alifunga dhidi ya Urusi, akafunga bao la ushindi dhidi ya Croatia kwenye robo fainali, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano, na mwisho wa mwaka akapewa Mpira wa Dhahabu kwa kura 144 dhidi ya 143 za Ronaldo wa Brazil. Mwaka 1997 goti lake liliumia, likashambuliwa na maambukizi baada ya upasuaji, na mpira ukaishia hapo akiwa na miaka 30.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mtu mmoja si mfumo: Sammer alikuwa na kipaji kikubwa ambacho kingechipua popote. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama angekuwa peke yake. Kirsten, mwenzake wa Dresden, alikuwa mfungaji bora wa Bundesliga mara tatu, 1993, 1997 na 1998. Itazame fainali ya Kombe la Dunia ya 2002 mjini Yokohama: katika kumi na mmoja walioanza upande wa Ujerumani walikuwemo Thomas Linke, Jens Jeremies na Bernd Schneider, wote watoto wa Mashariki, na aliyekosekana kwa adhabu ya kadi, kiungo aliyeibeba timu hadi pale, ni Michael Ballack, mzaliwa wa Görlitz aliyesomea KJS ya Karl-Marx-Stadt. Mashariki ilikuwa takriban moja ya tano ya wakazi wa nchi. Halafu angalia mwaka 2014. Katika kikosi cha watu 23 kilichokwenda Brazil, aliyezaliwa Ujerumani Mashariki ni mmoja tu, Toni Kroos wa Greifswald, aliyezaliwa Januari 1990. Chuo cha Leipzig kiliamuliwa kivunjwe mwishoni mwa 1990. Shule za michezo zikafungwa au zikabadilishwa, makocha wakaachishwa, klabu zikauza wachezaji na kuporomoka madaraja. Waliokuwa wameshavuka umri wa kufundishwa waliendelea kung'aa kwa miaka kumi na miwili. Waliozaliwa baadaye walipungua mpaka akabaki mmoja. Kama ni kipaji cha damu tu, damu ya Saxony haikubadilika kati ya 1976 na 1990. Kilichobadilika ni shule.

Mwaka 1990, baada ya ubingwa wa dunia wa Roma, Beckenbauer alisema kwamba kwa kuongezewa wachezaji wa Mashariki Ujerumani haitafungika kwa miaka mingi. Wengi wamemcheka kwa sababu 1992 Denmark iliwafunga, 1994 Bulgaria, 1998 Croatia. Kosa la kauli ile lilikuwa kuhesabu wachezaji na kusahau walimu. Ukiwachukua watu wazima na kuwaacha waliowalea wakitafuta vibarua, umevuna bila kupanda.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na halistahili kujibiwa kwa haraka. Soka la Mashariki lilikuwa la dola. Jumuiya ya Dynamo ilikuwa ya polisi na vyombo vya usalama, na mkuu wake kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa Erich Mielke, waziri wa usalama. Geyer mwenyewe, kocha wa mchezo wa Brussels, alibainika mwaka 1992 kuwa alikuwa mtoa habari wa Stasi, polisi wa siri wa nchi ile. Mpango wa serikali wa dawa za kuongeza nguvu, ulioendeshwa tangu 1974, uliwaharibu wasichana wa kuogelea na wa riadha ambao wengine bado wanaugua mpaka leo. Anayesifu shule za michezo za nchi ile bila kuwataja wasichana hao anaandika nusu ya historia. Nakubali yote hayo, na bado nasema kwamba mambo mawili yaliyounganishwa na dola moja yanaweza kutenganishwa na mwanahistoria. Ratiba ya shule inayompa mtoto muda wa kusoma na wa kucheza, kocha wa vijana anayelipwa mshahara, mtaala mmoja unaomfuata mtoto kutoka miaka 10 hadi 18: hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji sindano wala faili la siri. Ushahidi ni kwamba Ujerumani iliyoungana ilikuja kuvijenga vyote vitatu upya, katika nchi huru, chini ya majina mengine. Tena, kwa matokeo ya timu ya wakubwa, mfumo wa Mashariki haukuwa wa kutisha. Ulifika fainali za Kombe la Dunia mara moja tu, 1974, japo huko uliifunga Ujerumani Magharibi 1-0 kule Hamburg. Nguvu yake ilikuwa kwa vijana, na ndiyo nguvu ninayoizungumzia.

Ukocha wa Sammer katika klabu hauhitaji kurasa nyingi. Alianza Aprili 2000 kama msaidizi wa mkongwe Udo Lattek kuinusuru Dortmund isishuke daraja, akakabidhiwa timu kiangazi hicho, na Mei 2002 akawa bingwa siku ya mwisho ya ligi kwa kuifunga Werder Bremen 2-1, akiwa na miaka 34, kocha kijana kuliko wote waliowahi kutwaa Bundesliga. Siku nne baadaye alipoteza fainali ya Kombe la UEFA kwa Feyenoord 3-2. Klabu ilikuwa imetumia fedha nyingi kwa Amoroso, Koller na Rosický, na ilipokosa Ligi ya Mabingwa mwaka 2003 madeni yakaanza kuibana. Aliondoka 2004, akafundisha Stuttgart msimu mmoja akashika nafasi ya tano, akafukuzwa. Wanaompima Sammer kwa miaka hiyo mitano humwona kocha wa wastani mwenye hasira. Wanapima mahali pasipo na kitu. Hakurudi tena kwenye benchi la klabu, na naona alijitambua mapema: alikuwa mtu wa kupanga miaka kumi, si wa kupanga Jumamosi.

Februari 2006 ndipo penye kiini cha jambo. DFB iliamua kuunda nafasi ya mkurugenzi wa ufundi atakayesimamia timu zote za vijana na elimu ya makocha. Klinsmann, kocha mkuu, alikuwa na mtu wake: Bernhard Peters, kocha wa mpira wa magongo aliyeipa Ujerumani ubingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka 2002. Chama kilikuwa na marais wawili kwa wakati mmoja, Gerhard Mayer-Vorfelder na Theo Zwanziger, na Kombe la Dunia la nyumbani lilikuwa limebakiza miezi minne. Tarehe 8 Februari uongozi ulimchagua Sammer, aanze kazi tarehe 1 Aprili. Vyombo vya habari vilivyompenda Klinsmann vililisoma tukio hilo kama ushindi wa wahafidhina: fikra wazi zimekataliwa, mpira umejifungia chumbani na mwanampira mwenzake. Usomaji huo umeganda, umeingia hadi kwenye vitabu, na ndio ninaoupinga kwa nguvu zote.

Tuangalie wagombea wenyewe. Peters alikuwa kocha hodari. Alikwenda Hoffenheim akafanya kazi nzuri iliyosaidia klabu ile kupanda hadi Bundesliga mwaka 2008, na hakuna sababu ya kumdharau. Lakini ni nini kilichomfanya aonekane mpya? Alileta upangaji wa muda mrefu, sayansi ya mazoezi, ushirikiano wa makocha wa michezo mbalimbali, uangalizi wa kila mchezaji mmoja mmoja. Hivyo vyote vilikuwa mkate wa kila siku pale Leipzig, ambako kocha wa soka alisoma chuo kimoja na kocha wa riadha na wa kuogelea. Kambi ya Klinsmann ilikwenda kutafuta California na kwenye magongo kitu ambacho nchi yao wenyewe ilikuwa nacho kwa miaka arobaini na kukifungia milango. Na mtu aliyelelewa na kitu hicho tangu utotoni, aliyecheza kwa kiwango cha juu kabisa pande zote mbili za mpaka, alipowekwa mbele yao walimwita mtu wa jana. Sioni dhamira mbaya kwa Klinsmann. Naona upofu wa kawaida wa Magharibi wa miaka ile, ambao uliamini kuwa maarifa ya Mashariki yalizikwa pamoja na bendera yake. Wazee wa DFB nao pengine walimchagua Sammer kwa sababu ndogo, kwamba alikuwa mtu wao na bingwa wa Ulaya. Mtu anaweza kuchagua vyema kwa sababu zisizo kubwa.

Alichofanya Sammer ofisini kinaonyesha wazi kilikotoka. Alidai timu za vijana za taifa zicheze na kufundishwa kwa mwongozo mmoja kutoka chini hadi juu. Alizisukuma mbele shule za wasomi wa soka, ambazo klabu, shule ya kawaida na chama hushirikiana kupanga siku ya mtoto. Baadhi ya shule za Mashariki zilizoingia mpango huo ni zilezile za KJS, Jena, Cottbus, Potsdam, Dresden. Alisisitiza kwamba vijana wafundishwe kushinda mashindano, jambo lililowaudhi wengi, kwa sababu fikra iliyotawala Magharibi ilikuwa kwamba matokeo ya vijana hayana maana, cha maana ni mchezaji mmoja mmoja kukua. Hoja yake ilikuwa kwamba uongozi uwanjani hauzuki mtu anapofika miaka 25. Anayetakiwa kubeba fainali lazima awe ameshawahi kuibeba akiwa na miaka 17. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa yeye aliibeba akiwa bado kijana, akiwa na jezi ya nchi ambayo haipo tena.

Matokeo yalikuja kwa kasi ambayo hata wapinzani wake hawakuweza kuificha. Vijana wa kiume wa Ujerumani hawakuwa wametwaa taji la Ulaya tangu 1992. Mwaka 2008 timu ya chini ya miaka 19, ikifundishwa na Horst Hrubesch, ilitwaa ubingwa huko Jamhuri ya Czech. Mei 2009 timu ya chini ya miaka 17 iliifunga Uholanzi 2-1 katika muda wa nyongeza mjini Magdeburg, mji wa Mashariki, bao la ushindi likitoka kwa mpira wa adhabu wa Florian Trinks, mzaliwa wa Gera. Kwenye timu hiyo alikuwemo Mario Götze. Juni 29 mwaka huohuo, Malmö, timu ya chini ya miaka 21 iliichapa Uingereza 4-0. Miongoni mwa walioanza siku ile walikuwemo Manuel Neuer, Jérôme Boateng, Mats Hummels, Benedikt Höwedes, Sami Khedira na Mesut Özil. DFB ikawa chama cha kwanza kushika mataji yote matatu ya vijana ya Ulaya kwa pamoja. Miaka mitano baadaye watano kati ya hao sita walianza fainali ya Rio, Khedira akikosa kwa kuumia wakati wa kupasha misuli, na bao pekee likafungwa na Götze dakika ya 113.

Atasema mtu: wengi wa vijana hao walikuwa na miaka 17 au 18 Sammer alipoingia ofisini, walilelewa na klabu zao na mageuzi ya kabla yake. Ni kweli kwamba vituo vya DFB, zaidi ya 360 nchi nzima, vilifunguliwa mwaka 2002, na kwamba klabu za madaraja mawili ya juu zililazimishwa kuwa na vyuo vya vijana mara baada ya Euro 2000. Simnyang'anyi mtu sifa hiyo. Lakini waulizwe wanaosema mageuzi hayo yalitoka Ufaransa na Uholanzi tu: mchoraji wake mkuu, Dietrich Weise, alizaliwa Neugattersleben, katika eneo ambalo baada ya vita lilikuja kuwa Ujerumani Mashariki. Vituo vya mkoa vya kuchuja watoto, shule iliyoungana na klabu, kocha wa kulipwa: msomi yeyote wa Leipzig angeitambua ramani ile kwa kuitupia jicho mara moja. Sammer hakuijenga nyumba kutoka msingi. Aliikuta ina kuta, akaipa mpango wa ndani, na alijua mpango huo kwa sababu alishaishi ndani yake.

Mvutano wake na Löw kuhusu timu ya chini ya miaka 21 unathibitisha jambo hilohilo. Baada ya 2009 timu hiyo ilipewa Rainer Adrion, ikashindwa kufuzu fainali za 2011, na mwaka 2010 hadi mwanzo wa 2011 kukazuka swali la nani awe na neno la mwisho juu yake. Löw aliitaka iwe chumba cha kusubiria cha timu ya wakubwa, icheze kwa mtindo wake na impe wachezaji anapowataka. Sammer aliitaka ibaki darasa la mwisho la shule ya vijana, lenye mitihani yake. Klabu ya Hamburg ilimfuata Januari 2011, alikaribia kuondoka, akabaki. Löw ni kocha aliyetwaa Kombe la Dunia na hahitaji utetezi wangu. Kwa kocha mkuu lilikuwa dai la kawaida. Ila kwa mtu anayejua jinsi KJS ilivyojengwa, kwamba kila ngazi ina lengo lake na haimezwi na ngazi ya juu, msimamo wa Sammer haukuwa ukaidi wa mtu anayependa madaraka.

Julai 2012 alihamia Bayern Munich, ambayo msimu uliofuata ilitwaa mataji matatu chini ya Jupp Heynckes, na alikaa huko hadi 2016 alipojiuzulu kwa sababu ya afya. Ofisi aliyoiacha DFB ilishikwa na Robin Dutt kwa miezi michache tu, kisha ikakaa wazi tangu 2013 hadi Hansi Flick alipoingia Septemba 2014. Wapo wanaoona kuwa kombe lililotwaliwa wakati kiti kikiwa tupu linaonyesha kwamba kiti hakikuwa na maana. Hesabu ya namna hiyo ingefaa kwa kocha wa klabu. Kazi ya vijana hulipa baada ya miaka mitano hadi minane, na ukihesabu kurudi nyuma kutoka Rio unafika moja kwa moja kwenye miaka ya kati ya 2006 na 2009. Ambacho bado hakijafanywa, na ndicho kitakachoimaliza kesi hii kwa namna moja au nyingine, ni kuiweka miongozo ya mafunzo ya vijana ya DFB ya miaka ya Sammer mezani pamoja na mitaala ya soka iliyosomeshwa Leipzig, kuisoma ukurasa kwa ukurasa, rika kwa rika, na kuona ni kurasa ngapi zilizovuka mpaka bila kutajwa jina.